Waya wa Chaji

Mwalimu Tsofa alitufunza kusema tarakilishi na kishikwambi.
Humu chumbani Barani, nyuma ya kinyozi,
ni kompyuta na tableti,
na tangu alasiri hazijaamkiana.

Tableti aliituma Kitsao kutoka Doha,
imefungwa ndani ya shati, shati ndani ya taulo,
ikafika na ufa mmoja pembeni.
Kompyuta niliinunua kwa fundi, kwa mafungu matatu.
Herufi N haipo, pana shimo;
nikiandika "ngoma" naanza kwa kubonyeza shimo.

Nataka jambo dogo tu:
vidole vicheze huku kwenye kioo,
sauti itoke kule kwenye spika.
Ninalo kayamba la shangazi Mbodze,
nililirekodi usiku, mbwa wa jirani wamelala,
na chini yake nataka besi,
besi inayotembea na viatu vizito.

Nachomeka.
Alama ya betri inageuka kijani, inapanda.
Kompyuta haioni kitu.
Nachomoa, napuliza, nageuza, nachomeka tena.
Kushiba, inashiba. Kusema, haisemi.

Asubuhi nikampelekea Awadh waya wangu dukani.
Akaupitisha baina ya vidole kama apimaye uzi wa kofia,
akacheka.
"Huu ni wa chaji tu, Dhahabu. Ndani mna nyuzi mbili,
za kupeleka moto. Za kupeleka maneno hazimo.
Wa shilingi hamsini, ulitaka uhutubie?"

Nilirudi kwa miguu, nikihesabu.
Kila tarehe tano simu hutetemeka mara moja:
elfu nne, kutoka kwa Kitsao Baya.
Ni unga huo, ni kodi, ni dawa ya presha ya mama.
Nyuzi mbili. Moto unafika.
Mwaka wa tatu huu sijui anakula na nani,
wala kama wenzake chumbani wamezoea anavyokoroma.

Waya mpya ni mia nne na hamsini,
mfupi kama kamba ya mbuzi mkorofi.
Nachomeka. *Kifaa kimetambuliwa.*
Napiga ukelele hata kinyozi anazima mashine,
kichwa cha mtu kimebaki nusu.

Nagusa kioo —
halafu, du.
Nagusa —
halafu, du.
Baina ya kidole na sikio pana upenyo,
si mkubwa, lakini mtu angeweza kughairi humo.
Naingia kwenye mipangilio, napunguza bafa:
mia tano na kumi na mbili, nusu yake, nusu ya nusu.
Nikizidisha, sauti inapasukapasuka
kama mahindi kwenye kikaango.
Narudi nyuma hatua moja. Pana nafuu.
Bado inachelewa, kidogo.

Saa tano usiku nikampigia. Si tarehe tano.
"Hallo," nikasema, na hallo yangu ikanirudia
kabla ya yake kufika.
Tukasema pamoja. Tukanyamaza pamoja.
"Sema wewe." "Hapana, sema wewe."
"Kuna nini? Mama?"
"Mama hajambo. Sikiliza tu."
Nikaisogeza simu kwenye spika.

Kimya kikawa kirefu. Sikukikata;
huenda haukuwa kimya, ulikuwa ni umbali.
Kisha: "Hilo kayamba ni la shangazi?"
Na baadaye, sauti ikiwa imemkauka:
"Besi yako inachelewa."
"Najua."
"Basi gusa kabla."

Nimeketi nalo hilo mpaka adhana ya alfajiri:
nashusha kidole pale ambapo kayamba halijafika,
nikiamini litanikuta.
Mara nne nakosea, mara ya tano tunakutana,
ya sita tunapishana kama wageni mlangoni.

Waya wa zamani sijautupa.
Nimeuviringisha, nimeutundika kwenye msumari.
Betri nazo hula.